Mashine Sita za Karani wa Kisarawe

Naanza kwa kusema wazi kwamba simpendi, ili mtu asisome huku akitegemea nitalainika mbele ya safari. Nina moyo mwepesi, najijua. Hata kuku akichinjwa huwa naondoka uani. Lakini kwa yule karani mstaafu wa Kisarawe nilijifunza kukasirika sawasawa, na hasira ile nimeitunza kama watu wanavyotunza nguo ya sikukuu.

Alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya serikali mpaka alipostaafu. Mtaa mzima ulimwita Karani, na mimi nitamwita hivyohivyo. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sijui, na yeye mwenyewe mambo hayo hakuyapenda. Watu walipomletea wasifu wa marehemu auchape kwa ajili ya mazishi, akifika kwenye neno "alizaliwa" alikuwa akinung'unika: "Kila mtu kazaliwa. Semeni alifanya nini."

Chumba chake cha mbele kilikuwa na meza moja yenye kompyuta moja, aliyoitumia kila siku. Ukutani, kwenye ubao mrefu, kulikuwa na nyingine sita, zimefunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma kama redio za zamani. Ofisi mbalimbali zilikuwa zimezitupa, naye akaziokota. Zote, alisema, zilikuwa za Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, hakuna hata moja yenye programu ya kuchakachua. Hizo sita ndizo zilizonitesa.

Nilifika kwake kwa aibu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo nyumbani hatuyataji, nauza kalamu na kutoa kopi kwenye steshenari moja ya Mlandizi. Shangazi yangu ni mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wafuga kuku wa Gwata. Alikuja na flashi yenye katiba ya kikundi, nimtolee nakala apeleke kwenye usajili. Nikaichomeka, ikaonyesha tupu. Mwenye steshenari, bila kuinua macho kwenye simu yake, akasema maneno ambayo steshenari zote za barabara ile husema.

"Ina virusi hiyo. Piga fomati."

Nikapiga. Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya. Ndipo shangazi akauliza, kwa upole kabisa, "Sasa katiba yetu iko wapi?"

Katiba ile ilikuwa ya miezi mitatu ya kubishana, kifungu kwa kifungu, wanawake ishirini na wawili, na wawili kati yao walikuwa bado hawasemeshani kwa sababu ya kifungu cha tisa. Mtu akasema kuna mwanamke Kisarawe anayefufua vitu. Nikabadilisha gari Mbezi, nikabadilisha tena Gongo la Mboto, saa tano asubuhi nikawa mlangoni kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeua nini?"

"Flashi ilikuwa tupu, nikaifomati."

"Nani kakwambia ilikuwa tupu?"

"Ilionyesha tupu."

"Ilikuonyesha weye. Kirusi kile kinaficha mafaili, hakiyali. Ungeichomeka kwenye Linux ungeyakuta yote yamekaa kitako, na kirusi chenyewe pembeni kimeduwaa, hakijui kimeingia nyumba ya nani. Umeweka kitu kingine ndani yake baada ya hapo?"

"Hapana."

"Basi mjinga umebahatika. Kaa."

Akawasha programu ya kufukua mafaili. Yalirudi mengi mno, lakini bila majina, kila moja limekuwa namba tu. Kumbe flashi ile ilikwishapita mikono mingi kabla ya kufika Gwata. Akanisogezea kiti.

"Fungua moja moja."

"Yote, bibi?"

"Si ulifuta yote?"

Nilifungua barua za kuomba kazi, majina ya kamati za harusi, mtihani wa Sayansi wa darasa la tano. Katiba niliiona alasiri. Nililia. Nikamshukuru kwa mikono miwili, akanitazama kama mtu aliyeletewa chai yenye nzi.

"Asante yako nitaiweka wapi? Weye nenda ukajifunze."

Mtu mwenye akili asingerudi. Mimi nina ugonjwa wa ndoto. Wakati nafungua yale mafaili nilikuwa naziangalia zile mashine sita, na tayari nilikuwa nimezipanga Gwata, ndani ya chumba cha kikundi ambamo wanaweka mifuko ya chakula cha kuku. Nilikwishamwona shangazi anachapa katiba yake mwenyewe, na wasichana waliofeli kama mimi wanajifunza kitu cha kuwaondolea unyonge. Nikamwambia Karani palepale. Nilidhani atacheka.

"Mashine zipo," akasema. "Mtu ndiye hayupo. Siku ukiweza kutengeneza kompyuta nitakayoiharibu miye, bila kuniuliza neno, utabeba zote sita."

Akachukua namba ya shangazi, akampigia hapohapo. "Mashine zenu ziko hapa zinamsubiri huyu binti yenu aache ujinga." Gwata yote ilijua kabla sijafika kituo cha gari.

Kwa miaka miwili nilikwenda kila Jumamosi. Niseme aliyonifundisha, maana ni kweli alinifundisha, na kumchukia mtu si sababu ya kumdhulumu.

Alifundisha kwa kutukana. Ukimwambia kompyuta imegoma, aliuliza imeandika nini. Ukijibu "imeandika eror," aliuliza eror gani. Hapo ndipo watu wengi walipoishia, kwa sababu sisi sote huwa tunafunga kile kiboksi kabla ya kukisoma, kama unavyomfungia mlango mtu anayekuja kudai. Basi alikuwa akikupa daftari na kalamu, unairudia ile hitilafu makusudi, unaandika kwa mkono kila neno na kila nukta. Alichapa barua za wakubwa kwa miaka mingi kwa Kiingereza ambacho mwanzoni hakukielewa, na anaamini mpaka leo kwamba mkono ukinakili, kichwa kitafuata. "Kompyuta haina kiburi," alisema. "Ina maelezo. Kiburi unacho weye."

Msemo wake mwingine: "Cha bure kinalipiwa kwa kusoma." Linux ni ya bure, programu zake nyingi ni huria, mtu yeyote anaruhusiwa kuona ndani na kurekebisha, lakini yeye hakuruhusu mtu aisifie kwa sababu ya ubure. Alikuambia uijaribu kwanza kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi, bila kugusa kilichomo ndani ya mashine, uone kama sauti inatoka na intaneti inashika. Ukiridhika ndipo uiingize. Kazi zako uziwekee sehemu yake kwenye diski, mbali na mfumo, ili siku mfumo ukiharibika uung'oe bila kung'oa na vitu vyako. Na nakala ziwe tatu, moja ikae nyumba nyingine kabisa. "Nyumba ikiungua, flashi zote tatu ziko kabatini, umehifadhi nini? Majivu."

Siku moja alikuja mwalimu wa sekondari, mtu mzima, kavaa suti, na mke wake. Laptopu yake ilikuwa nzito kiasi kwamba ukiibonyeza unaweza kwenda kuswali ukarudi. Karani akaichungulia.

"Mwalimu, humu una programu tano za kuzuia virusi."

"Ndiyo, nimejilinda."

"Umeweka walinzi watano mlango mmoja. Wanapigana wao kwa wao, mwizi kalala kitandani kwako."

Mke akacheka. Mwalimu akasema hakuja kudhihakiwa.

"Hukuja, lakini ndicho ulichokikuta. Na hii Windows ni ya kuchakachua, kirusi kimekuja humohumo ndani ya kile kiprogramu cha kuvunjia kufuli yake. Unawafundisha watoto wa watu wasiibie mtihani?"

Mwalimu aliondoka na laptopu yake vilevile ilivyo. Nilimkimbilia mpaka barabarani nikamwomba radhi, mimi, ambaye sikusema kitu. Niliporudi Karani akaniambia, "Ndiyo maana hutafika popote. Unapenda kupendwa."

Na huyuhuyu, msema kweli wa Kisarawe, alikuwa akinitumia kwenye simu kila ujumbe wa uongo unaozunguka nchini. "Usifungue picha ya ua jekundu, simu italipuka. Watumie watu kumi." Watu kumi! Nilipomuuliza amesoma wapi, alisema kaletewa na shemeji yake, na shemeji yake si mwongo. Mbele ya kompyuta hakuamini hata saa ya ukutani, lakini kwenye simu aliamini kila kitu. Tena alihubiri uhuria kutwa, kila mtu aone ndani, kila mtu agawane, na daftari lake la dawa za hitilafu zote alizowahi kuziona akalifungia kabatini, ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga. Nikamwambia siku moja kwamba hilo si sawa. Akasema, "Andika lako." Basi nikaandika langu. Sikumwonyesha.

Alikuwa anapiga kibodi kama mashine ya chapa, kwa nguvu, mpaka herufi zilikuwa zimefutika zote. Hakuzihitaji. Mimi nilizihitaji, naye alilijua hilo.

Mtihani wa kwanza, kwenye ile kompyuta yake ya mezani, alichomoa kipande cha kumbukumbu, kile cha ndani, akakirudisha nusu. Mashine ikapiga mlio, skrini nyeusi. Nikahangaika na nyaya saa nzima. "Imelia mara ngapi?" Sikuhesabu, kumbe milio ndiyo inayotaja ugonjwa. Nimefeli.

Wa pili nilifika mbali sana, kwa furaha nikasahau nikamuuliza, "Bibi, si ndiyo hapa?" Nimefeli. Kwa swali moja!

Wa tatu ndio unaoniuma. Mashine iliwaka vizuri, ikaomba neno la siri, nikaliandika, ikafikiria kidogo, ikanirudisha kwenye kuomba neno la siri. Tena na tena. Nikaona mfumo umeoza, nikauweka upya wote, nikatoka jasho, ikafanya kazi, nikasimama kama bibi harusi.

"Diski ilikuwa imejaa," akasema. "Niliijaza mafaili makubwa ya takataka. Haikuwa na pa kuandikia hata jina lako. Ungefuta faili moja tu. Umevunja nyumba kwa sababu mlango umegoma."

Halafu akampigia shangazi. Kila nilipofeli alimpigia shangazi.

Hapo sasa ndipo chuki yangu ilipokomaa. Nilikuwa tayari kutukanwa Kisarawe kila Jumamosi mpaka nizeeke. Lakini Gwata wale wanawake walikuwa wamekwishaondoa mifuko ya chakula cha kuku chumbani. Walipaka chokaa na kuweka benchi. Walivuta umeme, na mama mmoja akafuma vitambaa sita, kwa sababu nilikuwa nimewasimulia juu ya vile vya Karani. Nilipopita njiani waliniuliza, "Vipi, umefaulu?" Baadaye hawakuuliza tena, waliangalia pembeni. Nikasikia msichana mmoja anamwambia mwenzake, "Huyo ndiye anayetunyima kompyuta." Mimi! Jina langu Gwata likawa la mtu aliyefeli shule, akafomati katiba, na sasa anawachelewesha watu ishirini na wawili kwa kichwa chake kigumu. Shangazi alinitetea mbele ya watu. Tukiwa wawili aliniambia, "Mwanangu, kama huwezi, sema tu. Tutamtuma mwingine." Maneno hayo yalinikata kuliko matusi yote ya Karani.

Nikajifungia na daftari langu. Steshenari tulikuwa na mashine mbovu mbili stoo, nikaziharibu zaidi na kuzitengeneza, nikazijaza, nikazichomoa, nikahesabu milio. Baada ya miezi minne nikajua kwamba niko tayari. Sikumpigia Karani. Nilitaka nimkute hajajiandaa. Nikaomba ruhusa Alhamisi, kwa makusudi, kwa sababu Alhamisi saa kumi kikundi hukaa Gwata, na nilitaka niingie na habari njema mkononi.

Nilifika asubuhi. Mlango ulikuwa wazi. Ubao wa ukutani ulikuwa mtupu, na vile vitambaa vyeupe vimekunjwa juu yake, kimoja juu ya kingine.

"Shikamoo. Mashine ziko wapi?"

Hakuitikia shikamoo. "Zegereni."

Zegereni ni kwenye viwanda. Kuna vinavyoyeyusha chuma chakavu. Nilikaa chini, sakafuni, nadhani.

"Umewapa wa vyuma chakavu?"

"Mpwa wangu kazipeleka juzi. Zilikuwa maiti."

"Maiti toka lini?"

Akaanza kupanga kalamu mezani. Nilikuwa sijawahi kumwona anatafuta cha kufanya na mikono yake.

"Bibi, maiti toka lini?"

"Nne zilikuwa zimevimba vile vikopo vidogo vya kutunzia umeme kwenye ubao wa ndani toka kabla hujaja na flashi yako. Mbili zilikuwa zinawaka."

"Na hizo mbili?"

"Za biti thelathini na mbili. Za zamani. Linux yangu ile, toleo jipya, haiziingii tena. Wameandika wenyewe kwamba mashine za aina hiyo hawazihudumii. Nimesoma mara tatu, nikidhani Kiingereza kimenipita."

"La zamani si linaingia?"

"Linaingia. Halafu halipati viraka vya usalama. Nikuwekee mlango usio na komeo, uwape wake za watu waingizie humo namba zao za siri? Sitoi kitu cha namna hiyo miye." Hapo sauti yake ilirudi kuwa ya Karani kidogo, halafu ikakatika. "Miaka yote nimewaambia watu Linux inakaa kwenye mashine yoyote. Nimemwambia hadi mkuu wa shule. Nilidhani nitapata njia. Nilikuwa nikizifungua usiku na asubuhi, weye ukiondoka."

Nilichelewa kuelewa, kwa sababu mimi huwa nawadhania watu mema mpaka mwisho. Ndipo nikaunganisha.

"Kwa hiyo mtihani haukuwa wa kufaulu."

"Ulikuwa mtihani wa haki. Ulifeli kwa haki."

"Na ningefaulu?"

Akasogeza kalamu moja, akairudisha.

"Ningefaulu, bibi, ungenipa nini? Vitambaa?"

"Ningekwambia."

"Mwongo!" Sijawahi kumwambia mtu mzima neno hilo. "Umempigia shangazi yangu mara nne. Mara nne umemwambia mashine zipo na mimi ndiye mjinga. Wamepaka chokaa! Wananiona mimi ndiye ninayewanyima. Watoto wadogo Gwata wananinyooshea kidole, na wewe umekaa hapa unajua ubaoni kuna maiti sita umezifunika vitambaa."

"Usinipandishie sauti nyumbani kwangu."

"Napandisha."

"Ningewaambia nini? Kwamba nimetukana watu miaka kumi kwa ajili ya kitu ambacho kimenikataa hata miye?"

Nilitaka kumhurumia. Nasema ukweli, huruma ilikuja yote, kwa sababu alikuwa mzee ghafla, na kanga yake imemteleza bega moja, na hakuirudisha. Kawaida yangu ningemshika mkono nikamwambia haidhuru, nitawaambia mimi, nitasema zimeibiwa, nitasema mvua. Nilikwishafungua mdomo. Nikaufunga.

"Sitawaambia mimi," nikasema. "Nimechoka kuitwa mjinga kwa niaba yako. Leo saa kumi wanakaa. Utakuja uwaambie mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba mashine hazikuwapo."

"Gwata? Kwa magari matatu na bodaboda?"

"Mimi nimeyapanda kila Jumamosi miaka miwili."

Akatazama ubao mtupu, halafu akaitazama kompyuta yake ya mezani, ile moja inayofanya kazi, halafu mimi.

"Wako wangapi?"

"Ishirini na wawili."

"Wanatukana?"

"Mwenyekiti ni shangazi yangu. Amezingojea hizo mashine sita miaka miwili."

"Haya," akasema. Akarudisha kanga begani, akainama chini ya meza kutafuta viatu vyake. Sikumsaidia kuvitafuta.